Kiti cha Mgeni Klabuni

Benchi lile lilikuwa la wateja. Fundi viatu alilipigilia misumari mwenyewe, mbao mbili juu ya miguu isiyolingana, ili mtu anayesubiri soli ishike gundi apate pa kukaa. Lakini cha barabarani hakina mwenyewe. Siku hizi wateja walisubiri wamesimama mguu mmoja, na benchi lilikuwa la wenye maneno. Alikuwepo Waziri, tarishi mstaafu aliyebeba mafaili ya wakubwa mpaka akaanza kuongea kama wao. Alikuwepo Daktari, fundi simu wa meza ya jirani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kila simu aliyoletewa aliipasua kwanza, ndipo akauliza inaumwa nini. Na Birika, muuza kahawa, hakuwa na nafasi ya kukaa, ila mdomo wake ulikaa vizuri tu. Mwenye benchi walimwita Kituo, kwa sababu akisema neno moja anaweka kituo. La pili ulilisubiri kama una muda, na pale kijiweni hakuna aliyewahi kuwa nao.

Alasiri hiyo Kituo alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, na aproni hakuifunga. Hilo peke yake lilitosha kuwa habari.

— Msiba? aliuliza Daktari bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa ameifungua tumbo.

— Klabu, alisema Kituo.

Klabu waliijua. Tangu mwaka uanze alikuwa akienda kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitabu, ambako watu hujifunza kusimama mbele ya wenzao na kusema. Kuna bwana anayeshika kengele: ukivuta "aaa" bure, anaigonga. Wiki za mwanzo Kituo hakugongewa hata mara moja, maana hakusema kitu. Leo ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka, yenye maputo na keki, na ndiyo siku wanachama wapya wanapotoa hotuba yao ya kwanza. Wana desturi yao: kila mwanachama mpya huja na mtu mmoja anayetaka kumshukuru, humkalisha kwenye kiti cha mbele, kisha husema habari zake mbele ya wote. Asiye na mgeni hasemi. Anakula keki yake, anasubiri mwaka mwingine.

Hotuba Kituo alikuwa nayo, imekaa kichwani kama kiatu kwenye kalibu. Mgeni pia alimjua. Alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, anapuliza kahawa: Waziri. Tatizo ni kwamba Waziri hakuwa ameambiwa, na kumwambia Waziri jambo ni kazi.

Mwaka juzi gari la manispaa lilikuja kuzoa kila kilichokuwa pembeni mwa barabara. Walipofika kwenye benchi, Kituo alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mke wake alikuwa amesimama hapo hapo, anamwangalia. Waziri ndiye aliyejiweka mbele ya lile gari, akaongea. Alitaja sheria ambazo hazijatungwa, alitaja wakubwa aliowapelekea chai, akaongea mpaka wale vijana wa manispaa wakacheka, wakachoka, wakapanda gari wakaondoka. Kituo alitaka kusema asante. Kabla haijafika kooni, Waziri alikuwa ameshahamia habari za bei ya sukari. Haijasemwa hadi leo, na ilikuwa ikimuuma. Klabu aliingia kwa ajili ya hiyo tu.

Akakohoa.

— Jamani, sikilizeni. Leo kila mmoja anapeleka mgeni. Sasa mimi nili—

— Mgeni, alidakia Waziri. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ngoja nikueleze, maana mimi nimekaa milangoni mwa mikutano ya wakubwa maisha yangu yote. Kiti cha mbele si cha mtu ovyo. Kinataka mtu ambaye akikaa, kiti kinalalamika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake, mwenyeji akiwa mgonjwa wa kusema, atafute mgeni mzito.

— Mzito wa mwili au wa cheo? aliuliza Birika.

— Vyote, ikiwezekana.

— Mimi si cheo ninachota— alianza Kituo.

— Usimkatize mzee, Daktari alimwambia. Ila mzee, kwa heshima zote, cheo hakimsaidii. Mimi ningemwalika mwenye nyumba wangu. Namkalisha pale mbele, namsifu kwa roho yake nzuri, watu wanapiga makofi. Halafu tuone kama kesho atakataa kuziba paa. Mtu aliyesifiwa hadharani amefungwa kamba.

— Paa lako limetoboka lini?

— Tangu nihamie. Mvua ikinyesha mimi ndiye naamka kuhamisha kitanda.

Waziri alitikisa kichwa kwa huruma ya kiofisi.

— Hilo ni suala la ukarabati. Tunazungumzia itifaki.

Klabuni walimfundisha Kituo kwamba ulimi ukigoma, vuta pumzi, chagua mtu mmoja, mwangalie usoni. Akavuta pumzi. Akamwangalia Waziri usoni. Waziri akadhani anaombwa methali nyingine.

— Naona unataka kujua habari za jukwaa, alisema. Wahenga hawakukosea: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ndiyo sababu mzungumzaji hashauriwi kusimama karibu na ukingo. Watu wameanguka.

— Mzee Waziri, mimi nataka wewe—

— Najua, ndugu yangu. Unataka mimi nikuelekeze. Si ndicho ninachofanya?

Birika aligonganisha vikombe vyake, dalili kwamba naye amepata wazo.

— Nyie mnazunguka tu. Amwalike yule bwana wa kengele. Bwana wa kengele akikaa kiti cha mgeni, kengele inashikwa na nani? Kituo atavuta "aaa" mpaka keki iishe, hakuna wa kumgusa.

Lilikuwa wazo lenye akili, na Waziri hakulipenda kwa sababu hiyo hiyo.

— Hiyo ni rushwa, alisema. Tena ya kijinga.

— Basi kiti kiwe kitupu, alisema Daktari, ambaye sasa alikuwa ameiacha simu ya watu imelala wazi mezani. Juu ya kiti anaweka simu. Anasema mgeni yuko ng'ambo, anasikiliza kwenye laini. Nani atajua kwamba upande wa pili hakuna mtu? Simu ninayo. Haiwaki, lakini kwa kazi hiyo haihitaji kuwaka.

— Kiatu, alisema Birika. Si fundi viatu huyu? Aweke kiatu kimoja kikubwa cheusi, kimepigwa rangi. Kila mtu atajiuliza mwenyewe ni nani. Wataogopa.

— Nilimwona mkubwa mmoja, alisema Waziri, akishusha sauti kama anayetoa siri ya ofisi, siku ya kufunga mwaka aliushukuru mlango. Mlango. Alisema umevumilia mengi. Watu walisimama wakapiga makofi, na mlango haukuharibu kitu kwa kujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndiyo maana mlango ukifungwa unasikika.

Waliinamisha vichwa kuiheshimu methali hiyo. Kituo aliona mwanya, akafungua mdomo, na Birika akauliza kahawa nani aongezwe. Mwanya ukafungwa. Kivuli cha nguzo kilishafika miguuni mwa benchi, saa ambayo kule juu ya duka la vitabu watu hupanga viti. Alijiona amekaa nyuma na kipande cha keki, na mke wake akimuuliza usiku kama amesema. Alisikia hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Ndipo akaja mama mmoja, sandali mkononi, mkanda umekatika. Aliegemea nguzo kwa mguu mmoja, kama wateja wote wa Kituo, akasubiri wenye benchi watulie. Hawakutulia, na kila Kituo alipofungua mdomo walimdakia. Daktari alitaka kiti kifunikwe kitambaa, Waziri alitaka kisogezwe pembeni kwa sababu za kiusalama. Mama akasikiliza wee, mwisho akauliza:

— Samahani, baba zangu. Mwenyewe anataka kumshukuru nani?

Waziri alinyoosha kidole juu, tayari kujibu.

— Mwenyewe, alisema. Mwenyewe anataka... Kwa ufupi, mwenyewe...

Kidole kilishuka. Alimwangalia Daktari. Daktari alimwangalia Birika. Birika alilipindua birika lake juu ya kikombe, likatoa matone mawili ya mashapo, basi.

— Hajasema, Daktari alikiri.

— Tangu nimesimama hapa kaanza kusema mara ngapi sijui, alisema mama. Akamgeukia Kituo, akampa sandali. Hii inawezekana leo, mwanangu?

— Inawezekana, mama.

Akaketi kwenye kigoda chake, akachukua sindano na uzi, shati jeupe na yote. Mikono ilipoanza kazi, kifua kikamlegea.

— Mwaka juzi, alisema. Gari la manispaa.

Akaweka kituo. Wakasubiri. Kwa mara ya kwanza kwenye benchi lile, watu walisubiri neno la pili.

— Nilishindwa kusema. Mke wangu ananiangalia. Wewe ukasema. Benchi bado liko.

— Aa, ile bwana ilikuwa ni suala la—

— Baba, alisema mama. Mwache amalize.

Waziri, aliyekuwa ameanza kuinuka, akakaa tena.

— Asante sikukwambia, alisema Kituo, akivuta uzi. Nimejifunza mwaka mzima ili niiseme mbele ya watu. Hicho kiti ni chako. Nilikuja kukuchukua.

Waziri aliangalia kikombe kitupu, akakiweka chini ya benchi, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, ambacho hakijawahi kufungwa tangu astaafu. Macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyaficha.

— Sasa huko mbele, aliuliza, mimi nitasema nini?

— Hakuna. Mgeni hasemi. Anakaa, anasikiliza mpaka mwisho.

— Mpaka mwisho?

— Hata "aaa" hairuhusiwi. Kengele ipo.

Waziri alifungua mdomo. Kijiwe kizima kilingoja methali. Akaufunga, akasogea hadi ukingoni mwa benchi, akamwonyesha yule mama pa kukaa.