Kikopo Kisicho na Jina

Bwana asifiwe mpaka viti vya nyuma! Mimi ni Maman Imani, ninayevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuuza nyanya Bukavu. Mnanijua: hata chai ya kanisa nainusa kwanza.

Ndugu zangu, mwanangu Imani alijikuna mpaka damu! Shingo, viwiko, nyuma ya magoti. Nikashuku maji, nikashuku paka, nikamshuku hata mama mkwe wangu kule Gitambi.

Ndipo mama mmoja tunayevuka naye akanipa pomade, mafuta ya kupaka, katika kikopo kisicho na jina. "Pakala tu, Maman Imani. Batoto ya bantu bote banapona." Nikampaka. Muwasho ukaisha! Mkashangilia, mkaniita hapa mbele nishuhudie. Nikakataa, mkasema nina moyo mgumu.

Jamani, nilikuwa nimeona kitu! Imani alizaliwa mweusi kama baba yake, na sasa nyuma ya magoti alikuwa anageuka mwekundu. Uponyaji gani unabadilisha rangi? Kesho yake mpakani nikamwangalia yule mama akipanga nyanya. Uso unang'aa, vifundo vya vidole vyeusi tii! Nikajua. Ilikuwa pomade ya kujichubua, na mimi nampaka mtoto!

Nikakimbilia kituo cha afya. Muuguzi naye nilimshuku, lakini alikinusa kikopo kabla yangu, nikampenda. Akasema dawa ile ni kali, inaharibu ngozi ya mtoto, tuiache. Nimwogeshe Imani kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nisimsugue. Nimpake vazelini ngozi ikiwa bado na unyevu, nimkate kucha, nguo zake nizisuuze mpaka povu liishe.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo, Maman. Lakini kila siku."

Tulipoacha pomade, muwasho ulirudi kwa hasira. Nililia: "Bwana, kama na wewe unanidanganya, niambie sasa!" Niliendelea na maji na vazelini. Mpaka mchana mmoja nikamkuta Imani amelala, mikono imetulia kando yake. Nikapiga magoti palepale. Asante Yesu!

Ndugu zangu, mwaminini Mungu, na kikopo kisicho na jina mkitupe chooni. Nawe dada uliyenipa, nakuona nyuma ya nguzo. Usifiche vidole. Kama mimi mwenye shuku nimemwamini Mungu, wewe unangoja nini? Njoo mbele. Vazelini iko humu mkobani.