Mtu wa Kumi Hana Kisanduku

Kijiwe chetu cha Milanzi hakina cha kuringia. Ni benchi moja la mbao za mkaratusi kwenye kibaraza changu cha ushonaji, jiko la mkaa la Hamis muuza kahawa, na bati linalovuja upande mmoja, ambao huachiwa mtu aliyechelewa kufika. Mimi naitwa Abel, ila hapa wananiita Pindo, kwa kuwa sijawahi kumrudishia mtu suruali bila kumgombeza jinsi anavyoburuza pindo zake kwenye tope. Alhamisi ile ya Aprili mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, mvua ya Ufipa isiyo na haraka, na baridi ilikuwa ya kukaa na koti ndani ya nyumba. Mzee Wilibrodi alikuwa amewahi nafasi yake karibu na jiko. Huyo ndiye Mizani, amepima mahindi ghalani miaka ishirini na sita, na hadi leo akikushika mkono anakutajia kilo zako. Pembeni yake alikaa Kheri, dereva wa Fuso la Kasanga, jina lake la kijiweni Masafa. Wa mwisho alikuwa Yonas, ambaye tangu sensa tunamwita Takwimu, maana kila utafiti unaoingia mkoani lazima yeye awe anagonga milango ya watu. Alikuwa na kishikwambi mapajani, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Takwimu: Wadau, nisaidieni. Saa saba mchana ripoti inatakiwa iwe imeondoka. Nimebakiza kisanduku kimoja tu.

Masafa: Kisanduku cha nini tena? Ongea kama watu, mshikaji.

Takwimu: Cha mtu wa kumi.

Ilibidi atueleze, na alieleza taratibu, macho chini. Kuna mradi ulikuja kupima mpaka wetu na Zambia umelindwa kiasi gani dhidi ya magendo. Wataalamu wake walisema kuhesabu mizigo iliyokamatwa hakusaidii, kwa sababu hiyo ni ile iliyokamatwa tu. Iliyopita haina anayeihesabu. Kwa hiyo wakachukua wanaume kumi wa vijiji vya mpakani, kila mmoja wakampa mfuko wa sukari uliojazwa mchanga, wakawaambia wavuke kwa njia za panya na wajitahidi wasionekane. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa na barua. Askari wa doria hawakuambiwa kitu, ili kipimo kiwe cha kweli. Wanne walikamatwa, wakawekwa ndani nusu siku, barua ikasomwa, wakaachiwa. Watano walivuka na kuripoti kwa mpokeaji ng'ambo. Wa kumi, Flavian wa Mwazye, mkulima wa ulezi, baba wa watoto wanne, hakukamatwa na hakufika. Siku hiyo ilikuwa ya sita.

Niliweka mkasi chini. Nilidhani wote tungeanza kuuliza habari za Flavian. Lakini kijiwe ni kijiwe, kikishatupiwa hesabu kinaishika hesabu.

Takwimu: Humu kuna visanduku viwili tu. "Amekamatwa" au "Amepita". Nikiacha wazi, kinakataa kutuma. Nikiweka amekamatwa, inakuwa watano kwa watano, wanaandika mpaka umelindwa kwa wastani. Nikiweka amepita, wanne kwa sita, wanaandika haujalindwa. Mkoa mzima unaning'inia kwa Flavian.

Mizani: Asiyekuwapo na lake halipo. Mtoe kabisa, gawa kwa tisa.

Takwimu: Hakitaki tisa, mzee. Kumi walisajiliwa.

Masafa: Tatizo ni hao wataalamu. Mpaka haupimwi kwa watu na mchanga. Unapimwa kwa sukari yenyewe. Nenda duka la mwisho kabla ya mpaka, onja bei. Halafu vuka, nenda duka la kwanza. Bei zikifanana kama mapacha, jua hakuna mpaka hapo, kuna kamba ya kuanikia nguo.

Hamis: Hapo umesema.

Mizani: Hajasema kitu. Bei ina uongo wake. Kilo haina. Chukua mahindi yote yaliyovunwa wilaya ya Kalambo. Toa yaliyoliwa. Toa ya mbegu, ya pombe, yaliyouzwa ghalani. Yanayobaki ndiyo yaliyovuka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Na panya je, mzee?

Mizani: Panya nimewapima miaka ishirini na sita. Panya wa Ufipa anakula kwa kiasi.

Masafa: Na unyevu?

Mizani: Unyevu nao nautoa!

Mzee alikasirika kidogo, kama anavyokasirika kila ghala lake linapotiwa shaka. Hamis akamjazia kikombe, akampa na kashata ya kumtuliza. Takwimu hakucheka. Alikuwa anakiangalia kishikwambi kikizima, anakigusa, kinawaka, kinazima tena.

Hamis: Mimi naona mbwa.

Masafa: Mbwa wa wapi?

Hamis: Mbwa wa vijiji vya mpakani. Mbwa hambwekei anayemzoea. Kijiji ambacho mgeni akipita na mzigo mbwa wanabweka, hicho kina ulinzi. Kijiji ambacho mbwa wanatingisha mkia, hapo magendo yameshakuwa ukoo. Tumeni watu wakahesabu mikia.

Mizani: Mbwa anaweza kuhongwa.

Hamis: Na askari je?

Tuligeuka wote kutazama barabarani kama walikuwepo wa kutusikia. Masafa ndiye aliyeendelea, na nilijua anaharibu zaidi, maana alisimama. Masafa akisimama, ujue hoja imeisha mafuta.

Masafa: Sikilizeni. Mahindi yote kuanzia Matai hadi mpakani yapakwe rangi. Bluu! Kuanzia shambani. Ukikuta ng'ambo watu wanakula ugali wa bluu, unahesabu sahani, unapata jibu lako. Njia ya mwongo ni fupi.

Mizani: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Masafa: Imeingia kwa njia ya panya.

Hata mimi nilicheka, na ninaona aibu kusema hivyo. Kicheko kilipokwisha mvua ilisikika zaidi kwenye bati, na nikaukumbuka Mto Kalambo wa mpakani, unavyofurika mwezi kama huo.

Mimi: Yonas, huyu mtu mlimtafuta?

Takwimu: Nilipiga simu kituoni, hawana mtu wa jina hilo. Nikampigia mpokeaji wa ng'ambo, anasema hajamwona. Mtaalamu kaniambia nisubiri, wakati mwingine mtu akivuka anapitia kwa ndugu. Flavian ana shangazi yake kule.

Mimi: Na shangazi anasemaje?

Takwimu: Shangazi sina namba yake.

Mizani: Atarudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Hamis: Ngamani ndiyo wapi, mzee?

Mizani: Ni huko huko ng'ambo. Kwa shangazi.

Masafa: Mimi nawaambia, mtu ambaye huku hakuonwa na kule hakuonwa, huyo ndiye ushahidi kwamba mpaka umelindwa kuliko yote. Umemshika wenyewe, bila askari. Weka amekamatwa.

Hamis: Kakamatwa na nani sasa?

Masafa: Na mpaka.

Mizani: Hapana. Haki ni katikati. Mzigo ukiwa na ubishi ghalani, tulikuwa tunaupasua. Mwandike nusu. Nusu kakamatwa, nusu kapita. Wanne na nusu kwa watano na nusu.

Takwimu alikivuta kishikwambi karibu. Nilimwona kabisa akilifikiria jambo hilo. Kidole kilikaribia kioo, akajaribu kuandika nusu, na kishikwambi kikakataa.

Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, hasira ya kujichukia pamoja nao, na nilikuwa nafungua mdomo niwafukuze wote kibarazani pangu. Ndipo mwanamke akaingia kutoka mvuani. Alikuwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, kanga imelowa hadi magotini, viatu kavishika mkononi. Alisimama pale bati linapovuja, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Mizani. Sogea, unalowa.

— Nimeshalowa, baba. Namtafuta mtu anaitwa Yonas, mwenye kuandika watu.

Hakuna aliyemwonyesha Yonas. Yonas mwenyewe ndiye aliyeinuka.

— Ni mimi, dada.

— Mimi ni Cornelia. Mke wa Flavian, wa Mwazye.

Hamis alishusha birika kutoka jikoni, bila sababu, akalirudisha. Cornelia alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia aliyokuja nayo. Mumewe alimuaga kwamba anakwenda Matai kufuata misumari ya kuezekea, na posho ya kibarua fulani ingetosha na mabati. Angerudi siku ya pili. Siku ya tatu alidhani mvua. Siku ya nne akaenda misheni, akaenda zahanati. Jana yake Modesti, mmoja wa wale wanne walioachiwa, alishindwa kuvumilia, akamwambia kwamba ilikuwa siri, kwamba walibeba mchanga, na kwamba mwenye majina anakaa Milanzi. Akapanda lori la mkaa alfajiri.

— Simu yake nimeipiga siku zote hizi, akasema. Haipatikani.

Yonas aliingiza mkono kwenye begi. Akatoa simu ndogo nyeusi, imefungwa na mpira wa kahawia ili betri isidondoke.

— Zilikusanywa, dada. Wasije wakatonya askari. Zilizimwa zote. Wenzake walishachukua zao.

Cornelia aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama, akaifuta kwenye kanga iliyolowa, akaitia kifuani. Nilitamani alie. Kama angelia, tungejua la kufanya, tungempa kigoda, tungesema maneno yale ya kusema. Hakulia. Alimuuliza Yonas kuhusu kile alichokishika.

— Humo ndimo mlimomwandika?

— Ndimo.

— Mmemwandika wapi?

Yonas alikigeuza kishikwambi, kioo akakibana kifuani, kama mtu aliyefumwa na barua ya mwenzake. Mizani akavua kofia. Masafa, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anapaka rangi mahindi ya wilaya nzima, alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi. Kila kitu tulichokisema asubuhi ile nilikisikia upya masikioni kama ndiyo kwanza kinasemwa, mbele yake.

— Nani alikwenda kumtafuta? akauliza.

— Tulipiga simu, dada.

— Nimesikia. Nauliza aliyekwenda.

Hakuna aliyekwenda. Yonas alilisema mwenyewe, sitampunguzia hilo. Alisema, hakuna aliyekwenda, dada. Kisha akaja na yale ambayo hakutuambia sisi, kwamba usiku wa tatu alianza kuota mto, kwamba alitaka kwenda, lakini zoezi lilikuwa siri hadi ripoti itoke, na mtaalamu alishamwonya.

Hamis alimletea Cornelia kahawa na kashata juu ya kisahani. Alishukuru, akaviweka kwenye benchi. Masafa akasimama tena, safari hii bila hoja.

— Fuso liko hapo nyuma ya msikiti. Lina mafuta. Mzigo wa Kasanga utasubiri. Twende sasa hivi, dada, tutafika Mwazye kabla ya jua kuzama.

— Nami nakuja, akasema Mizani. Nina koti la mvua.

— Nifunge mashine, nikasema mimi.

Yonas alikuwa tayari ukingoni mwa kibaraza. Kishikwambi alikiacha juu ya benchi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo tulikuwa watu. Nilifurahi, nikajiona nimetubu, na nilikuwa nimeshaifunika cherehani turubai wakati Cornelia alipofunga kanga yake upya kiunoni na kuuliza.

— Haya, twendeni. Alipita njia gani?

Yonas alijibu haraka, kama mtu aliyefurahi kupata swali analolijua.

— Namba saba.

— Namba saba?

— Mtaalamu ndiye aliyezichora, kwenye picha iliyopigwa kutoka juu. Akazipa namba, moja hadi kumi. Kila mtu alionyeshwa yake peke yake, akapelekwa na gari lao.

— Sasa picha iko wapi?

— Anayo yeye. Karudi Dar, na gari na dereva wake. Tangu juzi simu yake inaita tu. Mimi ninazo namba.

Cornelia hakupandisha sauti. Alianza kutaja kwa vidole, polepole, ili mmoja wetu amdakie.

— Kwetu hakuna namba, kaka. Kuna ya Mkuyuni. Kuna ya Kwa Sebastiani, ile inayopita katikati ya ulezi wake. Kuna ya Mawe Mawili. Kuna ya Gogoni, lakini mvua hizi gogo limeshachukuliwa na maji. Kuna ile wanayopita wanawake wakienda msibani ng'ambo. Na nyingine, na nyingine, na kutoka moja hadi nyingine ni kutwa. Sasa hiyo saba ndiyo ipi?

Masafa, anayezijua barabara zote za mkoa, alimtazama Mizani. Mizani alimtazama Yonas. Yonas alirudi kwenye benchi, akakigusa kishikwambi, kikawaka, akasoma, na midomo yake ikatamka ile ile namba.

Cornelia alibaki amesimama pale bati linapovuja, vidole vitano bado viko juu, akitutazama mmoja mmoja, akingoja mmoja wetu amtajie njia.