Anaunga Mkono Hoja

Tulitoka Bariadi kwa basi, Mzee Masele, mkulima wa pamba, akiwa bado na hasira kwa alichosikia redioni jana yake. "Muswada wa kuruhusu wafanyabiashara binafsi wanunue pamba, mbunge wetu kauponda mwanzo mpaka mwisho. Halafu anamalizia, naunga mkono hoja."

"Hata angekataa, baba, ungepita tu," alisema Rehana, mwenye duka aliyekaa naye kiti kimoja.

"Basi ungepita bila yeye, mayu," alijibu mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. "Pamba ni yetu."

Katikati ya hayo mzee alilalamikia vumbi, kiti kilichovunjika na dereva asiyeliona shimo hata moja. Basi liliposimama Lamadi, dereva aligeuka akauliza safari ilikuwaje.

"Nzuri sana, mwanangu," alijibu Masele, kabla yetu sote.