Mwalimu Tena na Fungu Ambalo Halikuchapwa

Kaka tunayemzika leo alizaliwa Jumatano, tarehe 4 Machi 1953, katika nyumba ya pili kutoka kiwanda cha barafu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mshonaji wa maturubai. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kulia, kana kwamba anakagua kwanza kama chumba ni salama. Baada yake alizaliwa dada mmoja tu, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya forodha, kisha sekondari mpaka kidato cha nne. Kitabu chake cha hesabu alikifunga kwa nailoni kisilowe. Wenzake walimcheka mwaka mzima, mpaka siku paa la darasa lilipovuja na wote wakaja kuazima kitabu kimoja.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye meli ya mizigo, msaidizi wa jikoni, akapanda pole pole hadi kuwa msimamizi wa sitaha. Alikula chumvi nyingi, ya umri na ya bahari. Mwaka 1991 alishuka, akaanza kufundisha usalama majini katika chuo kidogo cha uendeshaji wa boti. Kilikuwa na darasa moja lenye harufu ya rangi na mpira, bwawa la saruji, na sanamu lililoshonwa kwa koti la mvua na kujazwa kamba kuukuu. Sanamu hilo lilitupwa majini ili wanafunzi waliokoe. Aliliita Mkwe. "Huyu havutwi kwa nywele," aliwaambia. "Anapokelewa kwa heshima."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na karani wa posta. Kabla ya kuketi ukumbini, bwana harusi alihesabu milango. "Nimeolewa na mume au na mkaguzi?" bibi harusi akamwuliza. Akajibu, "Milango ni miwili tu. Tukae karibu na huu." Walijaliwa mabinti wawili, ambao hawakuruhusiwa kubadilisha hata balbu bila mtu wa kushika ngazi.

Ndugu waombolezaji, karatasi mlizoshika zinasema kwamba mwaka 2007 marehemu aliacha kufundisha kwa muda "kwa sababu za kifamilia". Maneno hayo yaliandikwa na dada yake, na ni maneno ya kujificha. Fungu linalofuata halikuchapwa. Mjane ameombwa ruhusa, na amekubali lisomwe.

Kanuni ya kwanza ya kaka ilikuwa hii: mtu akianguka majini, aliyeshika usukani haachi usukani. Anageuza boti na kumfuata, wengine wanamvuta. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa mtu wa huruma asiyejua kungoja. Mara mbili kwenye mtihani aliacha usukani, akajirusha kumfuata Mkwe. Mara mbili kaka akamfelisha.

Ijumaa, tarehe 19 Mei 2006, dada alikwenda chuoni. Mumewe alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha boti ya wafanyakazi wa kiwanda, na Jumatatu nafasi ingepewa mwingine.

"Kaka, huyo si mtu wa kuokotwa njiani. Ni shemeji yako."

"Hajui kukaa na usukani. Nipe wiki moja."

"Wiki hatuna. Atajifunza kazini."

Dada akalia palepale mezani, na kulia anajua. Kaka akatia saini cheti cha shemeji.

Jumanne, tarehe 9 Januari 2007, abiria mmoja alianguka majini. Shemeji aliacha usukani akajirusha. Boti ikaenda na upepo, haina mwenyewe. Abiria alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, akaopolewa mzima. Shemeji hakuwa amevaa. Alipatikana siku ya tatu.

Kamati ya chuo ilimwuliza kaka ni nani aliyemshinikiza. Alijibu, "Mkono ni wangu." Alisimamishwa mwaka mzima. Aliporudi hakumpitisha tena mtu yeyote kwenye jaribio la kwanza. Hata aliyefanya vizuri kabisa aliambiwa, "Tena." Ndipo wanafunzi wakamwita Mwalimu Tena, wakicheka, wasijue.

Dada yake alijua, akanyamaza. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikua akiamini kwamba mjomba ndiye aliyempoteza baba yake. Miaka kumi na minane hakumwamkia. Mjomba akiingia kwa mlango wa mbele, mpwa alitoka kwa mlango wa nyuma, na mama mtu akaendelea kumimina chai.

Mapafu yalianza kumsumbua kaka Agosti 2024. Mwezi uliopita, wodini, dada alimwambia, "Nitamweleza mtoto ukweli." Kaka alivuta pumzi kwanza, maana pumzi ilikuwa ya kutafutwa. "Akijua, atabaki hana mjomba wala mama," alisema. "Mimi amekwisha kunikosa. Niache nife nayo." Na dada, kwa woga wake, alimshukuru. Alimshukuru, jamani. Kaka aliaga dunia Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada yake, na mpwa mmoja. Mpwa huyo amesimama pale getini. Alimleta mama yake kwa gari, akaapa kwamba yeye hataingia. Kipaza sauti kinafika huko, kwa hiyo amesikia. Akiamua kuondoka, mama yake atarudi kwa miguu na hatanung'unika. Lakini kaburi bado halijafukiwa, na mjomba ana haki ya kuzikwa na mpwa wake.

Kaka alibeba mzigo wa mwenziwe miaka kumi na minane. Autue hapa, mwenye mzigo yupo. Apumzike kwa amani.