Choo cha Mama Mkwe

Treni ilipoondoka Mlimba, Noela akawasikia wanaume wawili mbele yake wakibishana. Kelestini alikuwa ameigeuza Haisi yake chakavu iwe ya kulala shambani msimu wa mpunga, na sasa alitaka jirani yake wa kiti, fundi Lukelo, amtengee choo humo ndani.

"Nitaziba kona ya nyuma kwa plaiwudi," alisema Lukelo. "Ndoo yenye mfuniko, basi."

"Plaiwudi! Mama mkwe anakuja kuvuna, magoti mabovu, porini hawezi kuchuchumaa. Yeye atalala garini, mimi nje chini ya turubai, hatua mbili tu. Leo nimemkalisha behewa jingine kwa heshima, halafu shambani nimsikie akijisaidia? Nitamtazama vipi?"

"Kwani huwa unamtazama?"

Noela akauma midomo. Kelestini akapandisha sauti: ukuta uwe wa bati, ufunikwe kwa godoro, redio iwake muda wote! Behewa zima likayajua magoti ya mama wa watu.

Treni iliposimama Ifakara, bibi aliyekuwa amehamia njiani kando ya Noela aliinuka, kanga usoni. Ghafla Kelestini akaangalia sakafu.

"Fundi," alisema bibi, "mwambie mkwe wangu nitakwenda porini hivyo hivyo. Huko hakuna mtangazaji."