Mama Daftari na Alama Aliyokataa Ifutwe

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwa mzee wa kanisa letu, kumi na tisa ya mwisho akiwafundisha wazee wapya, Mama Daftari anastaafu rasmi Jumapili hii, tarehe 28.

Jina hilo la utani lilitokana na daftari la matembezi, ambalo hulibeba kwapani hata harusini. Kanuni yetu ni kwamba kabla ya Meza ya Bwana, kila mzee hupita nyumba kwa nyumba mtaani kwake, huketi na washirika, kisha hutia alama kwenye jina la kila aliyemwona. Baraza la wazee huzisoma alama hizo na kuamua nani asaidiwe.

Katika mwaka wake wa kumi na tatu, siku moja ya mvua kubwa, alitia alama kwenye jina la mjane fundi cherehani bila kufika kwake. Baraza likaona alama, likaridhika. Wiki moja baadaye majirani walivunja mlango wakamkuta mjane amefariki. Mama huyo alikuwa amevunjika nyonga akashindwa kuinuka. Daktari alisema siku ya ile alama alikuwa bado hai.

Mama Daftari hakujitetea. Alisimama mbele ya baraza, akasema yote, akaomba avuliwe uzee. Mchungaji alikataa, akampa kazi ya kufundisha. Nilinung'unika kuliko wote, kwa sababu marehemu alikuwa shangazi yangu. Miaka miwili sikumpa mkono.

Somo lake la kwanza lilifanyika pale pale mlangoni kwa mjane, daftari likiwa wazi kwenye ukurasa ule. Hakukubali alama ifutwe. Kisha alifundisha kuketi. Mzee mpya mmoja, mwanasheria na msemaji kwelikweli, aliamriwa akae na mgonjwa nusu saa bila kutoa ushauri. Alitoka jasho likimchuruzika. Leo ndiye mzee anayesubiriwa zaidi na wagonjwa wetu.

Juzi Mama Daftari alinikabidhi daftari, kwa kuwa mimi ndiye mzee mpya wa mtaa wake. Mumewe alizikwa mwaka jana, wanawe wako mbali, na jina lake sasa limo katika mtaa wangu. Aliniambia neno moja tu: "Usinitie alama kabla hujaniona."

Asante, Mama, kwa yote uliyotufundisha, hata lile lililokuumiza kulisema. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema. Alhamisi nitakuja kubisha hodi, na usipoitika, sitaondoka mlangoni.