Mzee wa Benchi la Nyuma Aaga Idara ya Sosholojia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu wa chumba cha mwisho ghorofa ya pili alirudisha funguo za ofisi na kustaafu rasmi. Aliingia Idara ya Sosholojia akiwa mhadhiri msaidizi mwenye nywele nyingi na maswali machache. Ameondoka akiwa mhadhiri mwandamizi, na hesabu hiyo imegeuka. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu ofisi zetu zilipakana, na pia kwa sababu wenye kipaji cha kuandika walisema wana shughuli.

Fani yake ilikuwa dini, hasa maisha ya Wakatoliki wa siku hizi: nani anakwenda Misa, nani anakwenda aonekane amekwenda, na nani anachomoka mara tu baada ya Komunyo kama aliyeacha chungu jikoni. Wengine wetu tulitafiti kwa kutawanya hojaji na kuomba Mungu zirudi. Yeye alikwenda mwenyewe. Kila Jumapili, Misa ya pili, aliketi benchi la nyuma kabisa, kando ya nguzo, kalamu mkononi, akitazama. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi na sauti ya kwanza ya kwaya, alimsihi mara nyingi asogee mbele akae kama watu. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama watoto, mimi hapa niko kazini." Paroko, aliyezoea waumini ambao miili yao ipo kanisani na akili zao hazipo, alifurahi kumpata angalau mmoja anayekiri.

Huko nyuma ndiko ilikozaliwa nadharia iliyompa jina. Mwaka baada ya mwaka aliona watu wakihama mabenchi ya mbele na kujazana nyuma, mpaka mbele wakabaki watoto wa Komunyo ya kwanza na bibi mmoja asiyesikia vizuri. Akaandika kwamba Mkatoliki wa leo hajaliacha Kanisa, ila amerudi nyuma hatua chache apate kulitazama vizuri. Sentensi hiyo ilisafiri kuliko mwenyewe. Ilinukuliwa kwenye makongamano, tukaifundisha, wanafunzi wakaiandika hata katika mitihani iliyouliza habari za kilimo. Mimi niliitia katika makala yangu kuhusu ndoa za vijana, makala ambayo hadi leo imesomwa na mama yangu na mhariri, na huyo mhariri sina hakika naye.

Kisha akavunjika mguu. Aliteleza kwenye ngazi za idara hii hii, zile ambazo kamati ya kuzitengeneza bado inakutana. Kwa kuwa mguu wenye plasta haukuenea kati ya mabenchi, mkaribishaji wa kanisani alimweka mstari wa mbele kabisa, penye nafasi ya kuunyoosha. Haukupita muda, mbele kukajaa, nyuma ikabaki nguzo peke yake. Alirudi ofisini uso unang'aa, akatutangazia kwamba imani inarejea altareni, akaanza makala mpya. Plasta ilipotolewa alirudi kando ya nguzo yake. Imani nayo ikamfuata.

Mwingine angesema watu wanafuata upepo wa feni. Yeye aliuliza. Jirani yake wa benchi, fundi cherehani mwenye sauti nene, alimjibu kwa kunong'ona kama anayezungumza na mshirika: "Mzee, acha utani. Si wewe unayempelekea askofu majina ya wanaofaa halmashauri ya parokia? Sisi utakapokaa tupo, mradi hiyo kalamu ituone."

Kumbe wale aliowaandika kuwa wanajitenga na mamlaka walikuwa wamejipanga foleni kuyapata. Na kule kuimba kwa nguvu kwa watu wa nyuma, alikokuita ibada ya pembezoni, kulikuwa kampeni.

Hayo aliyajua majuma mawili kabla ya usaili wake wa uprofesa, ambao uti wa mgongo wake ulikuwa nadharia hiyo hiyo. Mkuu wa kitivo, kwa nia njema, alimwita pembeni: "Ndugu yangu, pita kwanza. Utatubu ukishakuwa profesa." Ni ushauri wa busara. Kwa huo huo baadhi yetu tumefika tulipofika, na toba bado tunaitafutia nafasi kwenye ratiba. Nyumbani, mkewe alimtazama akizunguka sebuleni na fimbo yake, akampa vidonge vyake: "Baba watoto, umewatazama watu wakipanga foleni ya kitubio miaka yote hii. Leo zamu yako, unatafuta mlango wa kutokea?"

Akaingia kwenye usaili na kueleza yote: watu hawakurudi nyuma kwa sababu imani imebadilika, walimfuata yeye. Mjumbe mmoja wa jopo, aliyeinukuu nadharia hiyo katika vitabu vyake viwili, alimwomba afikirie hisia za wenzake. Uprofesa hakuupata. Mwaka ule ulikwenda kwa mwenzetu mwingine, ambaye utafiti wake haujawahi kupingwa na mtu, maana hajapatikana aliyeuelewa.

Makala aliyoiandika baadaye, akisimulia jinsi alivyolihamisha kanisa zima bila kujua, ndiyo pekee ya idara yetu ambayo watu huisoma bila kulazimishwa. Wa mwaka wa kwanza huicheka. Lakini wapo wanafunzi waliobisha hodi chumba kile cha mwisho, matokeo ya utafiti yamewaharibikia mikononi, wakaingia bila woga. Walijua humo ndani hawataambiwa wapite kwanza. Pengo hilo hatujui tutalijaza na nani, na tangazo la kazi halina mahali pa kuliandika.

Jumapili hii, kwa mara ya kwanza, hatakuwa kazini. Mkewe anasema bado hajaamua akae wapi, na suti ameipiga pasi tangu Alhamisi.

Asante, mzee wetu, kwa kazi na kwa ile uliyoikana. Kaa mbele, kaa nyuma, wakufuate au wakuache, hilo sasa ni shauri la Paroko. Tunakuombea afya, mguu imara na Jumapili njema nyingi. Na wakati wa sala, sasa unaweza kufumba macho.